91 ya Kitabu na 91 ya Pampu

Hatujafika nusu ya mlima, injini ikaanza kutoa mlio ambao sijausahau hadi leo: mkavu, wa haraka, kama misumari mifupi inayotikiswa ndani ya kopo la bati. Nilikuwa gia ya nne, mizunguko kama 2,500 kwa dakika. Mama alikaa mbele, baba mdogo na dada yangu nyuma, na buti lilijaa mizigo hadi tulilifunga kwa kulikalia. Jua lilikuwa la saa nane. Gari likaanza kupungua mwendo, nami nikakanyaga mafuta zaidi. Misumari ikaongezeka.

"Achia mafuta," baba mdogo akasema kutoka nyuma. Hakupaza sauti.

Nikaachia. Kimya.

"Haya, kanyaga tena, taratibu."

Nikakanyaga. Mshale wa turbo, ile pampu inayosukumia injini hewa zaidi, ukapanda, na mara tu ulipovuka sifuri mlio ukarudi.

"Shusha hadi gia ya tatu, usimalize pedali. Ukipata mahali pa kusimama, simama. Lakini usizime injini palepale, mwanangu. Turbo lina moto."

Gari hilo lilikuwa la katikati ya miaka ya 1980, silinda nne, la turbo, na nilikuwa nalo kwa miezi minne tu. Nililipenda kuliko kitu chochote nilichowahi kununua. Lilikuja na kitabu chake cha maelekezo, toleo la soko la Marekani, karatasi zake zimegeuka rangi ya majani makavu, nami nilikisoma chote kuanzia jalada hadi jalada. Kwenye mafuta kiliandika: petroli isiyo na risasi, oktani 91. Kituo nilichozoea kujaza kilikuwa na pampu mbili za petroli, moja ya 91 na nyingine ya 95. Kitabu kinasema 91, pampu inasema 91. Nikajaza hiyo kwa miezi yote minne. Mjini, kwenye barabara tambarare na mimi peke yangu ndani, injini haikuwahi kunung'unika.

Tulisimama chini ya mti pembeni mwa barabara. Baba mdogo akasimama mbele ya gari, mikono nyuma, akisikiliza injini ikinguruma polepole kwa dakika kama tatu. Alikuwa fundi wa injini maisha yake yote ya kazi, na alikuwa na desturi ya kutogusa kitu kabla hajakisikiliza. Mhimili wa turbo huzunguka ndani ya utando mwembamba wa oili, akanieleza. Ukizima ghafla wakati lina moto, oili inasimama pale na kuungua hadi inakuwa masizi, na beringi ndiyo inayolipa. Ndipo akaniruhusu kuzima.

"Nilidhani ni tapeti, vile vyuma vinavyosukuma vali," nikasema.

"Tapeti haijali umekanyaga au umeachia. Hii inakuja turbo linaposukuma na inaondoka ukiachia. Mafuta yanalipuka kabla ya zamu yake."

Nilitaka afungue plagi tuone. Akakataa kabisa. Hedi ya gari lile ilikuwa ya aluminiamu, na plagi ikifunguliwa injini ikiwa ya moto inaweza kutoka na meno ya tundu lake. Tukamaliza mlima kwa gia ya tatu, mshale wa turbo ukiwa chini ya sifuri muda wote, malori yakitupita. Mama hakuuliza kitu. Alishika mkoba wake mapajani na kutazama mbele.

Asubuhi yake, injini ikiwa baridi, ndipo kazi ilipoanza. Hakuanza na plagi. Alianza na mpira mwembamba unaopeleka shinikizo kwenye kidhibiti cha turbo, akaupapasa wote kwa vidole, maana mpira huo ukitoboka turbo husukuma kupita kipimo, na hapo hata mafuta bora yatagonga. Ulikuwa mzima. Kisha plagi, moja baada ya nyingine, akazipanga kwenye kitambaa kwa mpangilio wa silinda. Ya kwanza, ya pili na ya nne zilikuwa na rangi ya kahawia hafifu. Ya tatu akaishika muda mrefu, akaigeuza kuelekea juani, kisha akanipa. Kwenye kauri nyeupe palikuwa na chembe nyeusi ndogo mno, na kati yake chembe tatu zilizong'aa kama fedha.

"Unaona hizo zinazong'aa? Hiyo ni pistoni yako."

Nilihisi baridi tumboni. Zilikuwa chembe za aluminiamu zilizomeguka juu ya pistoni, na ni mimi niliyekuwa nimezimegua, kwa mguu wangu, nikidhani nafuata kitabu. Akapima kompresheni, yaani shinikizo ndani ya kila silinda; zote nne zilikaribiana. Tulikuwa tumewahi.

Akaniomba kitabu. Akavaa miwani, akatafuta ukurasa wa mafuta, akaweka kidole chini ya ile 91. Baada yake, kwa herufi ndogo ambazo macho yangu yalikuwa yamezipita kila mara, paliandikwa (R+M)/2.

Nitaeleza alivyonieleza, kwa sababu nadhani watu wengi wenye magari ya turbo ya zamani wamekaa palepale nilipokuwa nimekaa. Cheche ya plagi inawasha mchanganyiko mahali pamoja, na moto unasambaa kutoka hapo. Wakati unasambaa, sehemu ambayo bado haijaungua inabanwa na kupashwa joto. Petroli isiyo na uvumilivu wa kutosha hujiwasha yenyewe pembeni huko, yote kwa mpigo, na shinikizo linapiga pistoni kama nyundo. Oktani ni kipimo cha uvumilivu huo. Haipimi nguvu iliyomo kwenye mafuta, ingawa nimewasikia madereva wengi wakisema namba kubwa ina nguvu zaidi.

Turbo ndilo linalofanya jambo hili liwe zito. Hewa ikibanwa inapata moto: kwa msukumo wa bar 0.7, hewa iliyoingia ikiwa nyuzi 30 inaweza kutoka kwenye turbo ikiwa imevuka nyuzi 100. Magari ya baadaye yana intakula ya kuipoza, na kihisi kinachosikia kugonga na kuchelewesha cheche kabla dereva hajajua. Langu halikuwa na kimojawapo. Masikio pekee lililokuwa nayo yalikuwa ya waliomo ndani.

Sasa ile namba. Uvumilivu huo hupimwa kwenye injini maalumu ya silinda moja, ambayo kompresheni yake inaweza kubadilishwa ikiwa inafanya kazi, na mafuta yanalinganishwa na vimiminika viwili: isooktani iliyopewa 100 na heptani iliyopewa 0. Kipimo cha RON (Research Octane Number) hufanywa kwa mizunguko 600 kwa dakika. Kile cha MON (Motor Octane Number) ni kikali zaidi, mizunguko 900 na mchanganyiko umepashwa hadi nyuzi 149, kwa hiyo namba yake hutoka chini, mara nyingi kwa pointi 8 hadi 10. Marekani hubandika kwenye pampu wastani wa hizo mbili, ndiyo ile (R+M)/2 ya kitabu. Nchi nyingi nyingine, na pampu zangu zikiwemo, hubandika RON peke yake. 91 ya kitabu changu ilikuwa karibu 95 au 96 ya RON. Na 91 niliyokuwa nikiijaza ni kama 87 ya Marekani, petroli yao ya daraja la chini, ambayo mtengenezaji wa gari lile hakuikusudia kabisa.

"Kwa hiyo hukukosea namba," baba mdogo akasema. "Ulikosea mizani."

Tulikuwa na kurudi siku ya tatu, na tangini mlikuwa na lita 20 hivi za ile 91. Nilitaka kuzimwaga. Akasema hapana haja. Nikamuuliza kama anaweza kuzungusha distributa, kifaa kinachogawa cheche, na kuchelewesha taimingi yake hadi tufike nyumbani. Angeweza, akasema, lakini cheche ikichelewa joto linahamia kwenye ekzosi, na kwenye ekzosi ndiko turbo lilikokaa. Akachukua kijiti, akachuchumaa, akaandika hesabu mchangani. Tangi ni lita 60. Lita 20 za 91, lita 40 za 98. Kuchanganya hakutoi jibu kamili kama la hesabu ya darasani, lakini linakaribia sana. Akagawanya, akapata 95.7. Akapigia mstari mara mbili.

Kituo chenye 98 kilikuwa nje ya njia yetu, tukaenda. Nilijaza mwenyewe nikitazama namba za lita zikipanda, na kwa mara ya kwanza nikasoma kibandiko chote cha pampu, hadi zile herufi tatu zilizo juu ya namba. (Baadaye nilijaribu 98 tupu kwa mwezi mzima. Gari halikuongeza kasi hata kidogo, na halikuwa na sababu ya kuongeza, maana hakuna kompyuta ya kuwahisha cheche. Nilirudi kwenye 95 na nimebaki hapo.)

Mlima ule unapandwa pande zote mbili. Tulifika chini yake saa ileile ya jua, mzigo uleule, watu walewale. Baba mdogo akanyoosha mkono katikati ya viti na kuzima redio, kisha akashusha kioo chake. Mama naye akashusha chake. Nikaingia gia ya tatu, nikakanyaga kidogo kidogo, mshale ukafika sifuri, ukavuka, ukaendelea. Wote wanne tulikuwa tumeinamisha vichwa kama watu wanaosubiri habari. Palikuwa na upepo, palikuwa na matairi, na juu yake filimbi nyembamba ya turbo. Pale kwenye kona ambako misumari ingekuwa kwenye kilele chake, nikakanyaga zaidi, makusudi. Filimbi ikapanda. Hakuna kingine.

Baba mdogo akapandisha kioo.

"Washa redio," akasema.