Ukikaza uzi mmoja, wa jirani unalegea

Tuliporudi Rwanda mwaka 1995 nilikuwa na Kiswahili cha Karagwe na Kinyarwanda cha jikoni. Baba alikulia ukimbizini akisikia Wahaya wakipiga enanga, ala ya nyuzi, na kila mara alitukumbusha kuwa kwetu ipo ndugu yake, inanga, na kwamba baba yake mdogo huko Butare ni fundi wa kuipiga. Tulipofika, mzee hakuwepo, inanga haikuwepo, hata jirani wa kutuelekeza hatukumpata.

Nilianza kutafuta mwalimu wa inanga mwaka 2006. Walionipa moyo ni Ingoma Nshya, wanawake wapiga ngoma walioanza hapahapa Huye, ndiyo Butare ya zamani, mwaka 2004. Zamani ngoma ilikuwa mwiko kwa mwanamke. Kama wao wameshika mikwiro, mimi nani niogope nyuzi?

Mzee niliyempata alinikatalia mara mbili. "Mwaka 1994 redio iliimba, watu wakafa," alisema. Ningemjibu nini? Nyimbo za chuki za RTLM, redio iliyochochea mauaji ya kimbari, alizisikia kwa masikio yake. Mara ya tatu sikuomba kitu. Nilimwimbia wimbo wa ng'ombe ambao baba huuimba akinyoa ndevu, nikakwama katikati, maana baba naye hukwama papo hapo. Mzee akaumalizia kabla hajajijua.

Inanga ni ubao mrefu uliochongwa shimo kama hori, na uzi mmoja tu unaopita kwenye meno ya ncha hii na ile, ukienda na kurudi. Yetu ilipata nyuzi nane. Zamani walitumia kano za ng'ombe. Sisi tulinunua nailoni ya kuvulia samaki. Kwa kuwa uzi ni mmoja, ukikaza hapa, wa jirani unalegea. Miezi mitatu nililinganisha tu! Nikakimbilia kinanda cha kanisani, kikanipoteza zaidi, kwa sababu sauti za mzee hazimo humo. Mwishowe akaniambia, "Mwanangu, imba kwanza. Uzi utakufuata." Ndivyo nilivyofika.

Maneno aliyoyasahau tuliyafuata kwa mabibi majirani zake, mmoja ana ubeti, mwingine kiitikio, nami nikirekodi kwa simu. Leo nina nyimbo tisa.

Katika ule wa ng'ombe kuna beti mbili zenye majina ya watu. Mzee huziruka. Sijamuuliza. Nikifika hapo, nami napiga nyuzi tu.