Salmoni wa kupaka kwa ukwaju na asali: kumbukumbu ya mradi wangu wa jikoni, Trondheim

Oktoba

Lengo la mradi huu ni chakula kimoja tu: kipande cha salmoni kilichopakwa rojo la ukwaju na asali, kikaiva katika oveni, kikang'aa juu na kubaki laini ndani, na kikafika mezani katika muda ule ule ambao wali unahitaji ili uive. Nataka kiwe chakula cha siku ya kazi, cha mtu aliyerudi nyumbani jioni akiwa na watoto wenye njaa, na si cha sikukuu. Nimemchagua salmoni kwa sababu hapa Trondheim ndiye samaki anayepatikana kwa urahisi kuliko wote. Kisiwa cha Hitra, ambako ndugu wawili, Ove na Sivert Grøntvedt, walifanikiwa kufuga salmoni katika vizimba vya baharini mwaka 1970, kimo katika mkoa huu huu wa Trøndelag, na siku hizi Norwei huzalisha zaidi ya tani milioni 1 za samaki huyo kwa mwaka.

Wenyeji hupenda kumchemsha taratibu na kumla kwa viazi, kachumbari ya matango na krimu chachu. Mimi nimekulia Tanga, na samaki ninayemjua vizuri zaidi ni samaki wa kupaka: huchomwa kwenye mkaa hadi akaribie kuiva, ndipo hupakwa rojo zito la tui, ukwaju, thomu na pilipili, akageuzwa, akapakwa tena. Bibi alikuwa akitusimamia jikoni akisema, "Rojo lina zamu yake, wajukuu zangu, msilitangulize." Ninachotaka kujua ni jinsi utaratibu huo utakavyofanya kazi ndani ya oveni, tena kwa samaki mwenye mafuta mengi kiasi hiki.

Novemba

Mwezi huu nimeshughulika na samaki mwenyewe, bila rojo lolote. Salmoni wa kufugwa huwa na gramu 13 za mafuta au zaidi katika kila gramu 100 za mnofu, na jambo hilo ndilo linalomtofautisha na changu au kolekole wa kwetu. Mafuta hayo humpa nafasi ya kuvumilia moto zaidi kidogo kuliko samaki mwenye mafuta machache, lakini pia huufanya ulimi uchoke haraka usipopata kitu kichachu. Ndiyo maana nilianza kuamini mapema kwamba ukwaju utamfaa kuliko asali peke yake.

Vipande vinavyouzwa hapa kwa kawaida vina gramu 125, na ninapoweza kuchagua huchukua vya katikati ya mwili, kwa kuwa unene wake unalingana. Kipande cha mkiani hukikunja ncha yake chini ili kisikauke kabla ya vingine kuiva. Kabla ya yote hupitisha ncha ya kidole juu ya mnofu kutoka upande wa kichwa kuelekea mkiani. Miiba midogo iliyobaki husimama mstari mmoja na huhisiwa waziwazi. Kila mwiba huuvuta kwa kibanio kidogo kuelekea upande ulikolalia, yaani upande wa kichwa, nao hutoka bila kuuchana mnofu. Kazi hii ni ya dakika chache, na kwa nyumba yenye watoto wadogo siiruki hata siku moja.

Jambo la pili ni maji ya chumvi. Vipande vinakaa dakika 15 katika lita 1 ya maji iliyoyeyushwa gramu 50 za chumvi, kisha vinakaushwa vizuri kwa karatasi za jikoni. Chumvi hiyo huingia kidogo kwenye nyama, na zaidi ya hapo hupunguza ule utando mweupe unaojitokeza juu ya salmoni anapoiva, ambao ni protini iitwayo albumini inayosukumwa nje nyuzi za nyama zinapokaza kwa joto. Utando huo hauna madhara, lakini unaharibu sura ya samaki anayetakiwa kung'aa, na rojo halishiki vizuri juu yake. Kukausha nako kuna sababu yake: uso uliolowa hutumia joto kukausha maji kwanza, na mpaka maji yaishe hakuna kinachobadilika rangi.

Januari

Rojo limechukua sehemu kubwa ya majira haya ya baridi, na sijutii, kwa sababu hapa ndipo chakula chote kinapoamuliwa.

Nililinganisha rojo la aina tatu. La kwanza ni la tui, kama la nyumbani. Ladha yake ni nzuri, lakini mafuta ya nazi juu ya mafuta ya salmoni ni mzigo mkubwa kwa sahani moja, na tui lililopunguzwa sana hukatika na kuacha mafuta yakielea. La pili ni la mtindo wa Wajapani, la sosi ya soya na sukari, ambalo wao huongeza mirini, mvinyo mtamu wa mchele. Mimi niliweka asali mahali pake. Linang'aa vizuri mno, ila kwa kinywa changu utamu na chumvi bila uchachu havitoshi. La tatu, la ukwaju, soya na asali, ndilo nililobaki nalo.

Kwa vipande 4, naloweka gramu 40 za ukwaju katika mililita 150 za maji ya moto, nauvuruga kwa vidole hadi nyama yote iachane na kokwa, kisha nauchuja. Maji yake mazito huenda kwenye sufuria ndogo pamoja na vijiko 2 vya chakula vya asali, vijiko 2 vya sosi ya soya, kijiko 1 cha chai cha tangawizi iliyotwangwa, punje 2 za thomu na kipande kidogo cha pilipili mbuzi, ambacho hukitoa kabla watoto hawajaonja. Moto uwe wa wastani. Mwanzoni mapovu huwa madogo, mepesi na mengi, yakipanda haraka pembezoni mwa sufuria. Maji yanapopungua, mapovu hukua, hupungua idadi na kupasuka polepole, na sauti yake hubadilika ikawa nzito. Hapo nachovya kijiko, nakigeuza, na kupitisha kidole mgongoni mwake: alama ikibaki wazi bila rojo kurudi kuifunika, naondoa sufuria motoni. Ni lazima liondolewe likiwa bado jepesi kidogo kuliko linavyotakiwa, kwa sababu likipoa huongezeka uzito, na rojo lililozidi huvutika kama gundi na kukataa kupakika.

Kulipika rojo kwanza kuna faida nyingine ambayo haionekani kwa macho. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachovunjavunja protini, na samaki aliyelazwa humo kwa saa nyingi hulegea uso wake ukawa kama ugali mwepesi. Moto hukizima kimeng'enya hicho. Kwa hiyo silazi samaki kwenye viungo usiku kucha, na wala hakuna haja, kwani ladha yote inayotakiwa inakaa juu yake.

Februari

Sasa ni zamu ya moto. Sukari iliyomo ndani ya asali, hasa fruktosi, hubadilika rangi katika joto la chini kuliko sukari ya kawaida, kwa hiyo rojo likipakwa tangu mwanzo hugeuka chungu kingoni kabla ya moyo wa kipande kupata joto la kutosha. Utaratibu wa Bibi wa kuchelewesha rojo, ambao yeye aliushika kwa kuangalia mkaa tu, ndio unaofaa pia hapa.

Nawasha oveni nyuzi 200 za Selsiasi. Trei naitandika karatasi ya foili, na vipande vinalala ngozi ikiwa chini. Nimeipenda foili kuliko karatasi ya kuokea kwa sababu mbili: haiungui chini ya moto wa juu, na ngozi hujishika nayo, hivyo mwiko bapa ukipitishwa kati ya ngozi na mnofu, kipande huinuka safi. Samaki anaingia akiwa amepakwa mafuta kidogo tu. Baada ya dakika 8 namtoa, nampaka rojo tabaka jembamba, namrudisha kwa dakika 2, nampaka tena, kisha nawasha moto wa juu kwa dakika 2 au 3, na katika dakika hizo siondoki mbele ya kioo cha oveni. Rojo huanza kutokota juu ya mnofu, hutulia, halafu huwa jekundu la kahawia lenye madoa meusi machache pembeni. Hapo ndipo pa kutoa.

Kipimajoto kinanisaidia sana. Katikati ya sehemu nene kikisoma nyuzi 50, namtoa na kumwacha apumzike dakika 3, na joto huendelea kupanda kidogo lenyewe. Mnofu huachana kwa mapande makubwa yenye unyevu. Mamlaka za Marekani hushauri nyuzi 63, na mgeni mjamzito au mzee akiwapo mezani nafuata kiwango hicho, ingawa samaki huwa mkavu zaidi. Sehemu ya rojo hutengwa kwenye bakuli tangu mwanzo kwa ajili ya kumiminia mezani, ili isiguswe na brashi iliyopita juu ya samaki ambaye hajaiva.

Machi

Mpangilio wa jioni umetulia. Wali unabandikwa kwanza, samaki anaingia kwenye maji ya chumvi wakati oveni inapata moto, na rojo linachemka kando. Mchicha haupatikani hapa kila mara, kwa hiyo hutumia spinachi, ambayo huipitisha kwenye kikaango kwa thomu na chumvi tu, bila nazi, kwa kuwa rojo limeshabeba ladha. Ndimu hukatwa na kuwekwa pembeni. Rojo likitengenezwa maradufu siku ya mapumziko hukaa salama kwenye friji ndani ya chupa, na hapo kazi ya jioni hubaki ya samaki na wali pekee.

Lililobaki ni rojo la tui, ambalo sitaki kuliacha. Kati ya Januari na Aprili samaki anayeitwa skrei hufika pwani ya Norwei kutaga mayai, na mnofu wake ni mweupe na una mafuta machache sana. Huyo ndiye anayestahili nazi. Nimenunua kipande chake kinene leo, na kesho nitakipika kwa utaratibu huu huu, nikipunguza joto la oveni hadi nyuzi 180 na kulipaka tui dakika za mwisho kabisa ili lisikatike.