Ridhaa ya Shilingi Elfu Saba

Mwishoni mwa Julai 2023, watu walifurika katika jumba la KICC jijini Nairobi ili mboni za macho yao zipigwe picha na kifaa cha mviringo cha Worldcoin, mradi wa kimataifa unaotumia mboni kumtambua kila mtu, na kila aliyekubali aliahidiwa sarafu za kidijitali ambazo wakati huo zilikadiriwa kuwa na thamani ya takriban shilingi elfu saba za Kenya. Tarehe 2 Agosti serikali ilisimamisha shughuli hiyo. Wapo waliowacheka waliopanga foleni ile, nami sikubaliani nao hata kidogo, kwa kuwa mtu anayedaiwa kodi ya nyumba akionyeshwa fedha kama hizo hana nafasi ya kukaa na kupima jicho lake litafanyiwa nini miaka kumi ijayo.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka ridhaa iwe ya wazi, ya hiari na kwa jambo mahususi, tena itolewe na mtu aliyekwisha kuelezwa. Kifungu cha 32 kinambebesha anayekusanya taarifa jukumu la kuthibitisha kwamba alipewa ridhaa, na kinampa mwananchi haki ya kuiondoa wakati wowote. Haki hiyo ya pili ndiyo inayonisumbua ninapofikiria macho. Nywila ikiibwa hubadilishwa na kadi ya benki ikipotea hufungwa, lakini mboni haina mbadala, na aliyekwisha kupigwa picha hana njia ya kuingia katika kompyuta za kampuni kuhakikisha kwamba alama zake zimefutwa kweli.

Mei 2025, katika shauri lililofunguliwa na Katiba Institute, shirika la kutetea Katiba, Mahakama Kuu iliamua kwamba taarifa hizo zilikusanywa kinyume cha sheria, bila tathmini ya kutosha ya athari zake na kwa ridhaa iliyovutwa kwa fedha, ikaamuru zifutwe ndani ya siku 7 chini ya usimamizi wa Kamishna wa Data, afisa anayesimamia sheria hiyo ya 2019. Uamuzi huo naupokea kwa shukrani, ingawa ulikuja karibu miaka miwili baada ya foleni.

Shida hiyohiyo imo katika programu za mikopo ya simu. Mkopaji mwenye mgonjwa hospitalini hubonyeza "nakubali" na kufungua orodha yote ya namba zilizo katika simu yake, zikiwamo za shangazi, mwajiri na jirani ambao hawakuulizwa lolote. Septemba 2023 Kamishna aliitoza kampuni ya Mulla Pride faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na namba zilizopatikana kwa watu wengine kuwatumia watu ujumbe na simu za vitisho. Mkopaji, hata akiwa na hiari kamili, hawezi kuridhia kwa niaba ya shangazi yake.

Kwa hiyo ningependa Kamishna awalazimishe wote wanaokusanya taarifa za mwili au orodha za namba waeleze kwa Kiswahili, kwa mdomo pale inapobidi, wanachochukua, watakaa nacho kwa muda gani na nani mwingine atakiona, na maelezo hayo yatangulie kabla fedha yoyote haijatajwa.