Upepo wa Loiyangalani

Kijana aliyenijazia petroli Marsabit aliniuliza, "Dada, Kenya kukoje?" Hakuwa anatania. Watu wa kaskazini, wakubwa kwa wadogo, bado wanaita "Kenya" ile nchi inayoanzia Isiolo kwenda chini, na wana sababu zao. Wakoloni waliifunga sehemu hii yote, mtu haingii wala hatoki bila kibali, na hata baada ya uhuru pale Isiolo palibaki kizuizi, ukishakivuka unahesabika umeingia kwingine. Nikamjibu kwamba Kenya ni salama, mvua imenyesha. Aliposikia mvua akaacha kuangalia mashine, akaniuliza ilinyesha hadi wapi. Nanyuki, nikamwambia. Akatikisa kichwa, akaendelea kujaza.

Kutoka Nairobi hadi pale sina mengi ya kusimulia. Ni lami tupu. Miaka kumi na tano tu iliyopita, lori lililotoka Isiolo kwenda Moyale, kilomita 500 hivi, lilikuwa likikaa njiani siku mbili, tatu, na wakati wa mvua hata wiki. Mimi nililala Marsabit siku ile ile niliyotoka nyumbani. Ila sikuwa nimekuja kwa ajili ya lami. Nilitaka kuuzunguka upande wa mashariki wa Ziwa Turkana kwa njia za vumbi: Maikona, Kalacha, North Horr, Loiyangalani, kisha South Horr na Baragoi hadi Maralal. Peke yangu, na gari langu, Escudo ya miaka kumi na tisa.

Nilikuwa na maji lita arobaini, jerikeni mbili za petroli, matairi mawili ya akiba, jeki, pampu ya upepo na kipande cha ubao wa kuweka chini ya jeki ili isizame mchangani. Asubuhi nilipitia kituo cha polisi kuuliza hali ya njia. Wakaniambia njia ni tulivu, niondoke mapema, nisitembee usiku. Saa kumi na mbili na nusu nilikuwa nateremka mlima.

Marsabit ni mlima wa msitu na ukungu, kule alikoishi Ahmed, ndovu aliyewekewa ulinzi kwa amri ya Rais Kenyatta hadi alipokufa mwaka 1974. Ukiteremka upande wa kaskazini, miti inakuacha ghafla. Baridi nayo inakuacha. Yanabaki mawe meusi ya volkano, yamemwagika hadi macho yanapoishia, na barabara iliyokunjamana kama bati. Kwenye mikunjo ile ukienda polepole gari linatetemeka hadi unaogopa milango itang'oka, na ukikimbia tairi zinaelea juu juu na usukani haukusikii. Nilichagua kutetemeka.

Baada ya Maikona mawe yanapungua na Chalbi inaanza. Wengi huiita jangwa na kuishia hapo, lakini Chalbi ni sakafu ya ziwa lililokauka maelfu ya miaka iliyopita, na bado ina sura ya ziwa. Ni bapa kabisa. Juu yake kuna ganda jeupe la chumvi, na nilipozima gari na kushuka, ganda lilivunjika chini ya viatu kwa sauti ya mkate mkavu. Chini ya ganda palikuwa na tope laini, la rangi ya kahawa, bado bichi. Hapo nikaelewa kwa nini kila mtu Marsabit aliniuliza kama naona mawingu. Mvua ikinyesha vizuri Chalbi hugeuka uji, na gari lililonaswa humo halitoki mpaka ardhi iamue. Mbele yangu mazigazi yalikuwa yameinua ngamia mzima mzima wakawa wanatembea hewani, miguu haionekani. Nikatoa upepo kwenye tairi, kutoka paundi 34 hadi 22, nikafuata alama za magurudumu ya waliotangulia.

Watu husema kule hakuna kitu, na maneno hayo yananiudhi sana. Kalacha ina chemchemi. Nilifika saa tano nikakuta ngamia wamepangwa kwa zamu, kundi moja likinywa na mengine yakisubiri mbali, na hakuna anayesukumana. Ngamia wengine wana kengele za mbao shingoni, na mlio wake si wa kung'aa kama wa chuma. Ni kama mtu anagonga mlango taratibu. Mzee mmoja wa Kigabra alikuwa ndiye anayeita zamu. Nilimwamkia, "Nagaa," akaitikia na kuniuliza kwa Kiswahili mume wangu yuko wapi. Nikasema niko peke yangu. Akageuka akaangalia gari, akaangalia njia niliyotoka nayo, kisha akasema, "Basi ukifika North Horr, sema umepita kwa mimi." Nilisema hivyo hivyo kwenye nyumba niliyolala North Horr, na wenyeji wangu wakamjua kabla sijamaliza kumweleza. Chai ya maziwa ya ngamia ikaja, yenye harufu ya moshi wa kibuyu.

Siku ya pili ndiyo iliyonishika. Njia ya kutoka North Horr kwenda Loiyangalani inapita Gas, halafu mawe yanarudi, makali kuliko yale ya kwanza. Kwa kuwa nimetoka mchangani nilijaza tena upepo hadi 34, nikidhani tairi gumu ndilo linalostahimili mawe. Muda mfupi baada ya kuvuka korongo kavu, nikasikia mlio wa nguo inayochanwa. Jiwe lilikuwa limepasua ubavu wa tairi la nyuma, mwanya wa urefu wa kidole, na tairi lililopasuka ubavuni haliwekwi kiraka.

Niliweka ubao, nikaweka jeki, nikalegeza nati. Nati ni tano, nne zikakubali. Ya tano ikakataa. Gereji niliyofanyia sevisi kabla ya safari ilizikaza kwa mashine, na ile moja ilikuwa imeumana na uzi wake. Nilisimama juu ya spana kwa uzito wangu wote. Niliruka juu yake. Ikakwaruza tu. Jua lilikuwa juu ya utosi, kivuli pekee ni cha gari lenyewe, nikakaa humo na chupa ya maji nikisikiliza upepo ukipita kwenye miiba. Sikuogopa sana. Kilichonitesa ni aibu ya kushindwa na nati moja.

Baada ya saa moja na nusu hivi nililisikia lori kabla ya kuliona. Lilikuwa limebeba mbuzi chini na watu juu, likielekea North Horr. Halikupunguza mwendo kwa kusitasita. Lilisimama kama vile lilikuwa na miadi na mimi. Dereva alishuka, akanisalimu, "Pole dada," na bila kuuliza lolote akamwambia utingo alete bomba. Lilikuwa bomba la chuma la urefu wa mita moja, limechakaa mdomo kwa kazi. Wakalivisha kwenye mpini wa spana, utingo akashika mwisho wake, akalivuta chini taratibu bila kurusha nguvu. Nati ililia, ikanyamaza, ikalia tena, kisha ikaachia.

Tairi jipya lilipokaa, dereva akalipiga kwa kisigino. Akazunguka gari akizipiga zote. "Dada, umejaza upepo sana," akasema. "Hapa tairi gumu linakatwa. Laini linainama juu ya jiwe. Lakini ukilegeza, usikimbie." Akachuchumaa, akabonyeza vali kwa njiti na kuhesabu kwa midomo bila sauti, tairi moja baada ya nyingine. Nilipopima baadaye kwa kipimo changu, zote nne zilikuwa kati ya 26 na 27.

Nikatoa pesa. Akaniuliza za nini. Akasema kama nina maji ya ziada, juu kuna mama na watoto wametoka mbali. Nikapandisha jerikeni ya lita kumi. Bibi mmoja alikunywa kwa kifuniko, akajaza tena akampa mtoto aliyekuwa amempakata kitoto cha mbuzi, na mtoto akanywa nusu na nusu akamnywesha mbuzi. Walipoondoka, jerikeni ilienda nao. Nilifurahi ilivyoenda.

Ziwa nililiona saa kumi alasiri, kutoka juu ya mteremko wa mawe, na nikasimamisha gari katikati ya njia. Nimezaliwa Mombasa, bahari si kitu cha kunishangaza. Lakini ile kijani imelala katikati ya weusi wote ule, bila mti wa kuitangulia wala harufu ya kukuandaa. Teleki, mpelelezi kutoka Hungaria, alipofika mwaka 1888 aliliita kwa jina la mwana wa mfalme wa kwao, Rudolf. Kenya ililipa jina la Turkana mwaka 1975. Maji yake yana magadi, nayo yana floraidi nyingi iliyotia doa meno ya wazee wa Elmolo, watu wadogo kwa idadi ambao wameishi kwa samaki wa ziwa hili tangu zamani. Nilitembelea kijiji chao kesho yake, vibanda vya makuti ya mikoche vimeinama kama vikapu vilivyogeuzwa. Wanazungumza Kisamburu. Lugha ya mababu zao imekwisha midomoni, yamebaki maneno machache ya uvuvi. Ziwa nalo limepanda miaka ya karibuni. Mvuvi mmoja alininyooshea kidole majini, akaniambia makaburi yao mengine sasa yako huko.

Loiyangalani yenyewe ina mikoche na chemchemi, na nyumba niliyopanga ilikuwa ya mama mmoja wa Kiturkana anayeuza pia chapati na samaki. Jioni palikuwa shwari. Saa tatu usiku upepo ukaanza kushuka kutoka Mlima Kulal. Kusema "kuvuma" haitoshi. Ulikuja kwa uzito, kama maji, ukaegemea ukuta na haukuondoka. Mabati yalipiga, mchanga ukaingia chini ya mlango ukachora mistari sakafuni, na usiku wa manane nikasikia kitu cha chuma kikiviringika uwanja mzima hadi kwenye ua. Asubuhi nikamkuta mama akirudi na sufuria yake kubwa begani. "Huu ni wa kawaida," akaniambia.

Kisha akaniuliza naenda wapi. Nikasema Maralal. "Si unipelekee msichana wangu kitu? Yuko shule huko." Akanifungia tilapia wakavu kwenye kitambaa, akakifunga kitambaa ndani ya mfuko, akaandika jina la mtoto na kidato kwenye kipande cha boksi. Hakuniuliza jina langu wala namba ya simu. Gari linaloelekea Maralal ni gari linaloelekea Maralal.

Upepo ule ule ndio unaozungusha mitambo ya Sarima. Iko 365, megawati 310, na umeme wake ulianza kuingia gridi ya taifa mwaka 2018 kwa waya wa kilomita zaidi ya 400 hadi Suswa. Nilihesabu hadi sitini, nikaacha. Ni mizuri, nakiri, myeupe juu ya mawe meusi, yote ikigeuka pamoja. Chini yake nilipita manyatta ambazo sikuona waya ukiingia hata moja. Mwaka 2021 mahakama ya Meru iliamua kwamba hati za ardhi ile, ekari 150,000, hazikutolewa kwa kufuata sheria. Nyumbani kwangu Nairobi nikiwasha taa, sehemu ya mwanga ni ya upepo uliompokonya mama yule sufuria. Sijui kwa nini hakuna anayelisema hili kwa sauti kila siku.

South Horr ni kivuli na maji kati ya milima miwili, nikala ndizi hapo nikapita. Baragoi sikukaa sana. Mwaka 2012 polisi zaidi ya arobaini waliuawa kwenye bonde la Suguta wakifuata ng'ombe walioibwa, na nilipokunywa chai mjini hapo nilisikia watu bado wakitaja mwaka huo kwa kupunguza sauti. Jioni nikaingia Maralal, vumbi hadi kwenye kope.

Shuleni, mlinzi alisoma kipande cha boksi akaita. Msichana akaja mbio, akapunguza mwendo aliponiona simjui. Nilimpa mfuko. Hakuufungua, aliuinua hadi puani, akafumba macho.

"Auntie, upepo umeacha?"

Nikamwambia haujaacha. Nikamweleza habari ya sufuria, ilivyoviringika hadi kwenye ua.

"Ile kubwa?" akauliza, na akaanza kucheka.