Mwisho wa jedwali, mwanzo wa jirani

Ilikuwa mwaka 2021, Ntinda, Kampala. Programu ilifanya kazi vizuri hadi ipitishwe kwenye optimaiza yetu ya binari, yaani zana inayopanga upya programu iliyokwisha kujengwa ili iende kasi. Ikishapitishwa, inaingia lupu moja (amri zinazojirudia), haitoki, kisha inaanguka kwa kugusa kumbukumbu isiyo yake.

Tulianza na linka, zana inayounganisha vipande vya programu kuwa faili moja, na kosa lilikuwepo: faili iliunganishwa bila `-Wl,--emit-relocs`. Bila hiyo linka hutupa rilokesheni, yaani kumbukumbu za mahali palipoandikwa anwani na ni anwani ya kitu gani, na optimaiza hubaki kukisia namba ipi ni anwani. Optimaiza inayokisia haifai kupewa programu ya mtu. Tukaunganisha upya, tukaondoa pia hatua ya `strip`, zana ya kupunguza faili, maana nayo hufuta rilokesheni. Ikaanguka vilevile.

Jioni mwenzetu wa Arua akageuza skrini. "Ndugu, hebu tazama lupu hii inaishia wapi."

Jedwali lilikuwa na vipengele 64 vya baiti 8, jumla baiti 512, kuanzia anwani 0x4a2000 (0x ni alama ya hesabu ya kumi na sita; 512 ni 0x200). Lupu husimama pointa, yaani anwani inayosogea kipengele kwa kipengele, ikifika 0x4a2200. Lakini hapohapo ndipo jedwali la pili linapoanza! Optimaiza iliuliza anwani ni ya nani, ikampata jirani. Jirani alipohamishwa, mwisho wa lupu ukahama naye. Amri ya kurudia ilikuwa `jne` (rudi maadamu hazijalingana), basi pointa haikukutana na mwisho wake.

`readelf -r`, amri ya kuorodhesha rilokesheni, ilionyesha wazi: R_X86_64_PC32 (aina ya rilokesheni inayopima umbali), jina la jedwali la kwanza + 1fc. Hiyo 1fc, kwa hesabu ya kawaida, ni 508, yaani 512 kutoa 4, kwa kuwa prosesa hupima umbali kutoka mwisho wa amri, na umbali wenyewe huandikwa kwa baiti 4. Ila amri ya kulinganisha kama `cmpl $1, x(%rip)` ina baiti moja zaidi baada ya umbali, hivyo hutolewa 5. Sisi tulitoa 4 kila mahali.

Tukabadilisha: chukua simboli (jina) ya rilokesheni, hesabu hadi mwisho halisi wa amri, usitafute mwenye anwani. Majedwali ya `static const`, yanayoonekana ndani ya faili moja tu, yalitusumbua zaidi, maana asembla, zana inayotangulia linka, huyaandika kama `.rodata` (sehemu ya data isiyobadilika) na namba, jina limepotea. Rejeo likiangukia mpakani, tuliyaacha majedwali yote mawili yanayopakana mahali pake.

Saa tatu usiku lupu ikasimama baada ya kipengele cha 64.