Darasa la Tirano na dini ya jirani

Bwana asifiwe wapendwa. Wiki hii tusome Matendo 19, ile sura ya fujo za Efeso, na nawaomba hasa nyie walimu wa shule za msingi za Kikristo mnaofundisha somo la dini muisome taratibu, manake kuna mistari humo huwa tunaipita mbio tu.

Anzia mstari wa 9. Paulo alipoona kwenye sinagogi watu wameshakuwa wagumu akaondoka, na akaenda wapi? Darasani! Biblia inasema kabisa darasa ya mtu mmoja jina lake Tirano, akawa anahojiana na watu humo kila siku kwa miaka 2, yaani mtume naye alikuwa na vipindi kama ticha yeyote. Na Efeso ndo mji wa hekalu la Artemi, mungu wao wa kike, mafundi wanatengeneza vihekalu vya fedha wanauza, ukitoka nje tu unakutana na dini ya wengine.

Sasa ruka mpaka mstari wa 37. Mji umechafuka, wenzake Paulo, Gaio na Aristarko, wameburutwa mpaka ukumbini, watu wanapiga kelele kwa muda wa kama saa 2 hivi kwamba Artemi wa Waefeso ni mkuu. Halafu anasimama karani wa mji, ambaye wala sio muumini, anawaambia watu wake kwamba hawa mliowaleta hawajaiba vitu vya hekalu wala hawajamtukana mungu wetu. Na usidhani Paulo alikuwa anaficha imani yake, soma mstari wa 26, Demetrio, yule fundi wa vihekalu aliyeanzisha fujo, analalamika kabisa kwamba huyu mtu anasema miungu iliyofanywa kwa mikono siyo miungu. Msimamo wao unajulikana mji mzima na bado mtu wa dini nyingine anasimama mbele za watu anawatetea kwamba hawakutukana.

Hivi na sisi tungepata shahidi kama huyo? Tuseme mama wa Kiislamu amekaa dawati la nyuma siku unafundisha mada ya Uislamu, angetoka anasema huyu mwalimu ametuelezea sawasawa ingawa hakubaliani na sisi?

Nauliza hivyo sababu somo lenyewe linapanuka. Uingereza kwa mfano, tume iliyoangalia elimu ya dini ilipendekeza mwaka 2018 somo liitwe Dini na Mitazamo ya Ulimwengu, ili mtoto ajifunze pia namna watu wasio na dini wanavyoyaona maisha. Wapo ndugu wanaoogopa hapo, wanasema shule ya Kikristo ifundishe Biblia tu basi. Nawaelewa, ila mimi kinachonitisha zaidi ni yale tunayosema kwa uhakika bila kuchunguza, eti Waislamu wanamwabudu Muhammad, eti asiye na dini hana maadili. Mwislamu yeyote atakwambia kumwabudu Muhammad kwao ni dhambi kubwa. Sasa ukimfundisha mtoto hivyo na Biblia iko mkononi, ile amri ya usimshuhudie jirani yako uongo umeiweka wapi? (Wengine tunaihesabu ya tisa, Wakatoliki na Walutheri wanaihesabu ya nane, tusigombanie leo.)

Chukua kitu kidogo tu. Ticha anaonyesha picha ya watu wamesujudu msikitini, watoto wanaanza kucheka, mmoja anashuka chini anaigiza, makalio juu. Unaweza ukagomba yakaisha. Lakini ukiwaambia wafungue Mathayo 26:39, pale Gethsemane, wasome wenyewe kwamba Yesu alianguka kifulifuli akaomba, kicheko kinakata chenyewe. Hapo uliza, kwanini mtu aweke paji la uso chini mbele za Mungu? Utashangaa majibu. Alafu ndo uwaelezee Waislamu wanavyojieleza wenyewe, Mungu mmoja, Muhammad ni mtume, Isa wanamheshimu kama nabii, hata sura ya 19 ya Kurani inaitwa Maryam. Na usiishie hapo ukaogopa kusema tunapoachana, kwamba sisi tunakiri Yesu ni Mwana wa Mungu, akasulubiwa, akafufuka, na wao hilo hawalikubali. Mtoto wa miaka 8 anaweza kubeba vyote viwili bila shida.

Mzazi akisema mwanangu atachanganyikiwa, mjibu kwa upole. Danieli na wenzake kule Babeli walisomeshwa elimu na lugha ya Wakaldayo na wakabaki wa Bwana. Mimi nadhani anachanganyikiwa zaidi yule anayekuja kukua, anakaa na jirani, anakuta ticha alimdanganya, manake swali linalofuata ni kama alidanganya hili, na yale ya Yesu je?

Kuna swali moja gumu nalo litakuja tu. Ticha, bibi yangu sio Mkristo, ataenda motoni? Na kengele inakaribia kulia, darasa zima linakuangalia. Usipunguze injili, Yohana 14:6 ipo palepale, kwamba mtu haji kwa Baba ila kwa njia ya Yesu, lakini pia usikalie kiti ambacho sio chako. Ibrahimu alisema Mhukumu ulimwengu wote asitende haki? Mwambie hukumu ni ya Mungu, na Mungu anampenda bibi yake kuliko hata yeye anavyompenda, alafu usilimalize swali kwa haraka, mruhusu alilete tena.

Maombi ya wiki hii: walimu wa somo la dini, hasa walio peke yao shuleni bila wa kushauriana naye. Watoto wa dini nyingine waliomo madarasani mwetu, wasione aibu siku dini yao inapofundishwa. Na watoto ambao wazazi wao hawaamini kabisa. Wiki ijayo tutaendelea na sura ya 20.