Pikipiki iliyopona kila ikifika gereji

Kwa wiki tatu pikipiki yangu ilinitesa. Natoka nayo Morogoro mjini kwenda Mikese, inakimbia vizuri, nikishapita Kingolwira inaanza kumisi. Navuta resi, haiitiki, kisha inazima. Nasimama pembeni, nafungua tenki, nakuta mafuta yapo. Nafunga, napiga kiki mara mbili, inawaka. Siku moja ilizima malori yakipita kwa kasi, mke wangu amekaa nyuma na mtoto mgongoni. Nilitetemeka.

Gereji walibadilisha plagi, halafu koili, halafu wakashusha kabureta na kusafisha jeti, vile vitundu vyembamba vinavyopitisha petroli. Kila fundi akiijaribu, nzima. Siwalaumu sana, maana ugonjwa ulikuwa haujitokezi mbele yao.

Nikaamua kuisubiri izime, na safari hii nisiguse mfuniko wa tenki. Nilibeba bisibisi, spana ya plagi na chupa ya plastiki niliyoikata. Ilipozima nikaiacha ipoe kidogo, nikafungua plagi: kavu, hata harufu ya petroli haina. Ingekuwa imelowa, yaani mafuta yanafika ila cheche hamna, ningerudi kwenye umeme. Nikakinga chupa chini ya kabureta, nikalegeza skrubu ya kumwagia mafuta chini ya bakuli lake. Yakatoka kidogo, yakawa matone, yakakoma. Koki, ile ya kufungulia mafuta chini ya tenki, ilikuwa wazi na tenki lina mafuta zaidi ya nusu. Bila kuifunga ile skrubu nikafungua mfuniko wa tenki taratibu. Nikasikia fyuu, hewa inaingia, na papo hapo petroli ikaanza kutiririka kwenye chupa.

Pikipiki ya kabureta kama yangu haina pampu ya mafuta. Petroli inashuka yenyewe kutoka juu, na ili ishuke lazima hewa iingie kujaza nafasi yake. Anayefungua kopo la maziwa analijua hili: ukitoboa tundu moja yanagoma, ukitoboa la pili yanatoka. Tundu la hewa kwenye mfuniko wangu lilikuwa limezibwa na vumbi lililochanganyika na petroli likaganda. Kumbe kila tulipofungua tenki kuangalia mafuta, mimi njiani na mafundi gereji, tulikuwa tunaitibu bila kujua!

Nililoweka mfuniko kwenye petroli, nikapitisha uzi mmoja wa waya wa breki, kisha fundi pancha akanipulizia upepo. Nilikagua na mpira wa mafuta kama umejikunja, haukuwa na shida. Chujio la koki lilikuwa na kutu kidogo, nikalisafisha humohumo.

Jumamosi nilikwenda Mikese na kurudi bila kusimama. Nikifika sheli sasa, muhudumu akifungua tenki natega sikio kwanza.